Mwembe Ukatwe au Ramani Ibadilike? Maswali Yenu ya Nyumba na Bustani

Safari hii maswali ya wanaojenga yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana, mtu kanunua kiwanja chenye miti, kaleta fundi, na fundi kabla hata tofali moja halijashushwa anauliza shoka liko wapi. Nimechagua machache. Msimamo wangu wazoefu mnaujua ila wageni nawaambia mapema: kivuli na upepo vipangwe kwanza, ramani ifuate. Ukienda kinyume utakuja kufunga AC kila chumba alafu uanze kulalamikia umeme wa Luku.

SWALI: Shikamoo dada. Nina kiwanja Bunju, 25 kwa 30, na kwa nyuma kidogo upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa, aliyeniuzia anasema ulipandwa na babu yake. Ramani yangu ni kontempo, ile ya kuficha bati, vyumba vinne, nimeshailipia. Fundi anasema mwembe lazima uondoke, mizizi itapasua msingi na pia ramani haikai. Mke wangu anautaka mwembe. Nisaidie kabla hatujagombana. (Baba wa watatu, Bunju, Dar)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mkeo yuko sahihi, na fundi wako ana hoja moja ya kweli na nyingine ya uvivu tu.

Ya kweli ni mizizi. Lakini mizizi haiamki asubuhi ikaenda kupiga msingi vita, inafuata maji. Bomba linalovuja, shimo la maji taka, sehemu ya bafu inayochuruzika kila siku, huko ndiko inakokimbilia, ikishaingia ndio inanenepa na kupasua. Kwa hio karo na mabomba yote peleka upande wa pili wa kiwanja, ukuta wa nyumba uweke mita tano sita kutoka kwenye shina, na kama kuna kona ambayo lazima isogee karibu zaidi basi pale usichimbe mtaro mrefu, simamisha nguzo na bimu juu yake ili mizizi mikubwa ipite chini bila kukatwa. Kama udongo wako ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi hapo ongeza umbali maana mti unaunyonya maji na udongo unanywea, nyufa zinaanza. Kama ni kichanga punguza wasiwasi.

Ya uvivu ni hio ya "ramani haikai". Ramani ni karatasi kaka, mwembe huo ukiukata leo ukapanda mwingine mwanao wa mwisho atamaliza chuo kikuu ndio ufike hapo ulipo.

Fanya hivi jumamosi moja ambayo jua limewaka vizuri. Chukua vigingi na chokaa, nenda kiwanjani saa mbili asubuhi, chora kivuli cha mwembe kinapoishia. Rudi saa sita, chora. Saa tisa, chora. Saa kumi na moja, chora. Utaona kivuli kinavyotembea, asubuhi kiko magharibi kwa jirani, mchana kimejikusanya chini ya shina, kuanzia saa tisa kinarefuka kuja mashariki kwenye kiwanja chako. Na jua la saa tisa mpaka kumi na mbili ndilo linaloua nyumba zetu, linakuja limelala, linapiga ukuta wa magharibi, tofali linakunywa joto lote na kulitema usiku saa tatu wakati wewe unataka kulala. Mwembe ukiwa magharibi ya nyumba umelamba dume. Vyumba vya kulala viweke ndani ya chokaa ya saa kumi na moja basi.

Sasa hio kontempo. Sina ugomvi na urembo wa mtu, ila ile nyumba ya boksi imekatwa upenu, na upenu haukuwekwa na wazee kwa mapambo. Hapa Dar tuko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe kumi hivi ya Oktoba, kati ya hapo linahamia kidogo kusini (Disemba) au kaskazini (Juni). Maana yake dirisha linalotazama kaskazini au kusini ukiliwekea upenu wa sentimita 90 juu yake, saa sita mchana halipigwi jua mwaka mzima. Sentimita 90 tu! Ila dirisha la magharibi hata ukiweka upenu huo jua la saa kumi linapita chini yake kama halijauona, pale dawa ni mti au veranda pana. Kwa hio mwambie aliyechora ageuze nyumba, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, magharibi pasipofikiwa na kivuli cha mwembe pabaki na stoo, bafu, ngazi, vitu visivyolala mtu. Na kaskazi ikivuma kuanzia Disemba inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki, zote mbili zinataka dirisha la kuingilia NA dirisha la kutokea. Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata ukikijengea kilimani.

Alafu umbo. Usijenge boksi katikati na kuzungusha pevingi mpaka ukutani. Ipinde nyumba iwe kama herufi L au U, mwembe ubaki kwenye ule uwazi, sebule na jiko vifungukie hapo. Wala sio jambo la kigeni, nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni ilikuwa na kibaraza mbele, ukumbi katikati vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako ndiko maisha yote yalikokuwa, kupika, kufua, kusukana, na mara nyingi mti mmoja. Tulichofanya ni kuuondoa uani tukabaki na korido.

Anayependa mfano wa msanifu mkubwa atafute kazi za Geoffrey Bawa wa Sri Lanka (1919 hadi 2003). Colombo iko kama nyuzi 7 kaskazini ya ikweta, sisi nyuzi 7 kusini, jasho ni lile lile. Huyu bwana alianza kama mwanasheria, mwaka 1948 akanunua shamba la mpira la zamani karibu na Bentota linaitwa Lunuganga, akalipenda mno akaamua kwenda kusomea usanifu, akafuzu 1957 akiwa anakaribia miaka arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alimjengea msanii wa batiki, Ena de Silva, nyumba Colombo mjini, kiwanja cha mjini kabisa sio shamba, ukuta wa nje umefungwa lakini ndani kuna ua mkubwa wenye miti na nyua nyingine ndogo, na vyumba vimeuzunguka, paa la vigae lenye upenu mrefu. Nyumba hio ilithaminiwa kiasi kwamba kiwanja kilipouzwa waliivunja kwa uangalifu, wakavipa vipande vyake namba, wakaenda kuisimamisha upya kule Lunuganga. Sasa wewe una 25 kwa 30, huwezi kusema hakuna nafasi.

Hasara za mwembe usije ukasema sikukwambia: msimu wa maembe popo watakuja usiku na watachafua ukuta mweupe, majani yataziba gata kwahiyo maji ya mvua kinga upande wa bati ulio mbali na mti, na gari usiliegeshe chini yake labda kama hulipendi.

Mwisho, wakati wa ujenzi. Miti mingi haifi kwa shoka, inafia kwenye saiti. Fundi anamwaga kifusi kwenye shina, lori la kokoto linageuzia chini ya mti kila siku udongo unakuwa mgumu kama lami, vibarua wanaoshea hapo toroli lenye saruji, miaka miwili baadaye mwembe unakauka juu na watu wanasema umerogwa. Zungushia uzio wa mabanzi kuanzia yanapoishia matawi, hata mfuko mmoja wa saruji usivuke.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimerithi sehemu ya nyumba ya mawe Lamu, ya mabibi zetu. Nataka kukodisha vyumba kwa wageni. Ndugu yangu ashauri tufunike kiwanda (ule ua wa ndani usio na paa) kwa slabu tupate chumba kikubwa cha AC. Wazee wakataa. (Mjukuu, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam mjukuu. Wasikilize wazee.

Tazama nyumba yenyewe ilivopangwa. Unaingia kwa daka (baraza la mlangoni), wafika kiwanda, kutoka kiwandani ndio msana (ukumbi mrefu unaotazama kiwanda), kisha ndani, kisha nyumba kati, kila chumba kiko nyuma ya mwenziwe na nyembamba, kwa sababu upana ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi basi. Kuta za nje karibu hazina madirisha, upande wa pili kuna jirani na mtaa mwembamba wa kupita punda. Sasa mwanga wa vyumba vyote hivyo watoka wapi? Kiwandani. Hewa ya moto ya ndani yatokea wapi? Huko huko. Ukikifunika kwa slabu utakuwa umepata chumba kimoja na kupoteza vitatu, vitakuwa giza mchana kutwa na unyevu juu, zile kuta za matumbawe na chokaa zavuta unyevu na kuutoa polepole, zikikosa upepo wa kuzikausha lipu itaanza kudondoka kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) za bibi yako. Na nakuomba lipu ya saruji usipige kabisa, saruji yafungia unyevu ndani ya ukuta, tafuta fundi wa chokaa.

Fanya kinyume, kifanye kiwanda ndio kivutio. Mgeni hakutoka mbali kuja kulala kwenye boksi la AC, hilo analo kwao. Panda mkomamanga au mlimau kwenye udongo wa kweli sio kwenye ndoo, asumini ipande ukutani, weka tandarua la kuvuta kwa kamba kwa siku za jua kali, mvua ikija unalikunja. Kama birika la zamani, lile tangi la maji la kujengwa, lingalipo litengeneze, na samaki wadogo warudishe, hawakuwa mapambo wale, kazi yao kula mabuu ya mbu.

Na kabla hujagusa hata jiwe pita kwanza ofisi ya uhifadhi, mji wote wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, hubomoi bomoi tu.

SWALI: Miashoki niliyoizungushia ukuta wote imekuwa mirefu lakini nyumba bado joto. Kwanini? (Tabata)

JIBU: Kwa sababu mwashoki ule mwembamba ni mti wa kuzuia macho ya jirani, kivuli chake kama cha nguzo ya umeme. Na ukiipanda imebanana unazuia upepo wa kusi usiingie. Toa mmoja acha mmoja upande unaotoka upepo, magharibi weka mti wenye mwavuli, mwarobaini au mzambarau, mwarobaini unakua haraka. Umemaliza.

SWALI: Habari dada. Niko Mwanza, kiwanja changu kiko mlimani kina mawe makubwa matatu, moja kubwa kama daladala. Fundi anataka tuchome matairi juu yake lipasuke tutoe kokoto. Mimi nimeona kwenye simu nyumba ya Marekani imejengwa juu ya mawe na maporomoko ya maji, naipenda sana, tena kijito kipo jirani. Inawezekana? (Kijana wa mawe, Mwanza)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Uliyoiona ni Fallingwater, iko Pennsylvania, aliichora Frank Lloyd Wright mwaka 1935. Sehemu ya kuigiza ni hii: jiwe la asili lililokuwepo pale hawakulipasua, limejitokeza kwenye sakafu ya sebule na ndipo walipoweka sehemu ya moto. Sehemu ya kutoigiza ni ile mibaraza inayoning'inia juu ya maji, ilianza kuinama mapema sana, ikaendelea kuinama miaka na miaka mpaka 2002 ikabidi ivutwe na nyaya za chuma kuikoa, na nyumba ilikuwa inavuja. Wenye nyumba ile walikuwa na hela ya kurekebisha, mie na wewe hatuna.

Kijito kiache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na hata bila sheria maji ya mlimani Mwanza yakija hayabishi hodi.

Mawe ndio utajiri wako, wewe ndio unataka kuyachoma matairi! Moshi ule peke yake majirani watakuchukia. Ila kuna mambo matatu ya kuangalia kwa makini, la kwanza ndilo zito: msingi usikae nusu kwenye jiwe na nusu kwenye udongo, upande wa udongo utashuka, wa jiwe hautashuka, ukuta utapasuka pale pale zinapokutana. Ama chumba kizima kikae kwenye jiwe, ama kizima kwenye udongo, na katikati acha mwanya au baraza lililotenganishwa. La pili, jiwe halinywi maji, mvua yote inayolipiga inateremka kwa mpigo mmoja, kwahiyo usigandamize ukuta kwenye jiwe, acha njia ya mita moja na mchirizi wa kuyapeleka maji pembeni, kwenye migomba kwa mfano. La tatu, jiwe likipigwa na jua la mchana linatema joto mpaka usiku. Usiku wa Mwanza sio mbaya, ila chumba cha kulala kisitazamane na uso wa jiwe wa magharibi, pale weka jiko la nje au sehemu ya kukaa asubuhi. Na lile la ukubwa wa daladala, kama juu yake pako bapa, jenga ngazi tu ya kupandia. Jioni unaangalia ziwa bure.

SWALI: Dodoma, Nzuguni. Nimepanda majani ya kapeti mara mbili yamekufa, mume wangu anasema tumwage zege uwani tumalize. Maji ya bomba ni ya mgao. (Mama Wawili)

JIBU: Pole mama. Zege hapana, na kapeti pia hapana, yani ilo jani linataka kunyweshwa kila siku kwenye mji unaopata mvua milimita 550 na kitu kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha Disemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo.

Dodoma mna kitu ambacho sisi wa pwani tunakionea wivu, mizabibu. Mbele ya mlango na dirisha la magharibi tengeneza kichanja cha mabomba au magogo, urefu mita mbili na nusu, pandisha mizabibu minne. Ikishika una kivuli na zabibu juu. Mkulima wa zabibu anapogoa yote kwa pamoja ili avune mara mbili kwa mwaka, wewe unatafuta kivuli kwanza, basi pogoa nusu kwa nusu ili usibaki uchi wa jua Oktoba na Novemba. Chini yake mwaga kokoto au changarawe nyepesi, maji yapite yaingie ardhini.

Maji sasa. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 120 za mraba, ukitoa kinachomwagika na kukauka, kwa mwaka linakupa lita elfu 50 na ushei. Huna simtanki la kubeba zote hizo, sawa, yanayozidi yaelekeze kwenye mashimo ya miti badala ya kuyatoa barabarani. Na maji ya kufulia na kuogea yapeleke kwenye migomba na mipapai, ila ya jiki usiyamwage kwenye mimea. Mumeo mwambie zege la uwani likipigwa na jua la Oktoba litamrudisha ndani kila saa nane mchana.

SWALI: Niko Muscat, najenga nyumba ya mama Tanga. Nataka bustani mpaka dirishani, asumini na langilangi, ila mama anakataa, anasema majani yakikaribia nyumba yanaleta nyoka na mbu. (Binti yake, Muscat)

JIBU: Mama hajakosea sana. Nyoka anafuata panya na chura, na panya anafuata takataka, magogo yaliyorundikwa na pumba za kuku. Mbu wa dengi, wale waliotusumbua Dar 2014 na 2019, wanazalia kwenye kopo, tairi na kisahani cha chini ya chungu, ni maji yaliyosimama sio majani yenyewe. Kwahiyo bustani anaruhusiwa, uchafu hapana.

Muwekee mama ukanda wa kokoto nusu mita kuzunguka ukuta wote, usipande kitu hapo, mchwa ukimjengea njia utamuona na nyoka hana pa kujificha. Baada ya ukanda ndio bustani ianze, vichaka vifupi mbele, matawi ya chini ya miti yafyekwe mpaka usawa wa goti ili unaona mpaka chini. Madirisha yote nyavu. Asumini inafunguka jioni, ipande upande wa mashariki wa dirisha lake upepo wa baharini uipitie kwanza kabla ya kuingia chumbani, lakini iwe mkono unafika, maana mama atataka kuchuma mwenyewe, sio kumsubiri mtu. Langilangi ni mti mkubwa, harufu yake usiku ni kali, uweke mbali kidogo, kwenye geti hivi, usije ukampa mama kichwa kumuuma. Mrihani weka mlangoni.

Toleo lijalo nitajibu ya vyoo na karo, yamerundikana. Na mnaonitumia ramani nawaomba wekeni mshale wa kaskazini na mahali miti ilipo, safari hii ramani nyingi zimekuja bila hivyo viwili, nabaki nahesabu vyumba tu sijui jua linatokea wapi.